Isabelle wa Angoulême, mama aliyeolewa na mchumba wa bintiye

Mwaka 1220 Mfalme Henry III wa Uingereza, mvulana wa miaka 12, alipokea barua ya mama yake kutoka ng'ambo ya bahari, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Ilihusu Hugues de Lusignan, mchumba wa Joan, dada yake mfalme. Baba yake Hugues amefariki, mama aliandika, na kijana amebaki peke yake Poitou bila mrithi. Jamaa zake hawataki amsubiri Joan, ambaye bado ni mdogo mno. Wanamhimiza aoe mwanamke atakayemzalia mapema, na mke waliyemtajia ni wa Ufaransa. Angemchukua huyo, ardhi yako yote ya Poitou na Gascogne ingepotea. Basi tumemchukua Hugues sisi wenyewe awe bwana wetu, na Mungu anajua tumefanya hivyo kwa faida yako kuliko yetu.

Ndivyo Isabelle wa Angoulême alivyomjulisha mwanawe kwamba ameolewa na mchumba wa binti yake wa kumzaa.

Kila nikiisoma barua hii darasani, wanafunzi hupigwa na butwaa hapo, na mjadala hutaka kuishia hapohapo. Inabidi niwasukume waendelee, kwa sababu Isabelle hakuandika ili aombe radhi. Mbele kidogo anamtaka mfalme amrudishie mji wa Niort ulioko Poitou, ngome za Exeter na Rockingham zilizoko Uingereza, na fedha marki 3,500 alizoachiwa na marehemu mumewe, Mfalme John. Barua iliyoanza kwa habari za ndoa inageuka kuwa dai la mjane. Mimi kazi yangu ni nasaba na hati za ardhi za karne ya 12 na 13, kwa hiyo labda macho yangu yamezoea kuona mashamba kila mahali. Lakini sijapata njia bora ya kumwelewa mwanamke huyu: nyuma ya kila ndoa yake kuna ardhi, na ardhi yenyewe ni ya kwao.

Watawa walioandika habari za wakati ule hawakumtazama hivyo. Roger wa Wendover, wa abasia ya St Albans, alimchora John akijilaza kitandani na mkewe kijana huku ngome za Normandie zikianguka moja baada ya nyingine. Matthew Paris, aliyeshika kalamu baada ya Roger katika abasia hiyohiyo, aliona jina la Yezebeli linamfaa kuliko Isabelle. Sifa hiyo imemganda mpaka leo. Sitasema alikuwa mpole, maana hakuwa, na visa vyake vinakuja. Ila ukali una sababu zake, na watawa wale hawakujishughulisha nazo.

Barabara ya Poitiers kwenda Bordeaux

Angoulême umekaa juu ya kilima, Mto Charente ukipita chini yake. Kaskazini, mwendo wa kilomita 110 hivi, iko Poitiers. Kusini, kilomita 120 hivi, iko Bordeaux. Miji hiyo miwili ndiyo iliyoshikilia Aquitaine, nchi aliyoirithi Aliénor wa Aquitaine na kwenda nayo kwa Henry wa Anjou alipoolewa naye mwaka 1152, miaka miwili kabla Henry hajawa mfalme wa Uingereza. Yeyote aliyetaka kupitisha jeshi kati ya Poitiers na Bordeaux alilazimika kuwafikiria akina Taillefer, mabwana wa Angoulême, na akina Taillefer hawakuwa watu wa kuamrishwa. Mfalme Richard, yule wa Moyo wa Simba, mwana wa Henry na Aliénor, alipopigwa mshale uliomuua huko Châlus mwaka 1199, alikuwa akipigana na Adémar wa Limoges na Aymer wa Angoulême. Wawili hao walikuwa ndugu wa tumbo moja, kila mmoja na baba yake.

Aymer ndiye baba yake Isabelle, na Isabelle ndiye mtoto wake pekee wa ndoa. Upande wa mama una uzito zaidi. Alice wa Courtenay alikuwa mjukuu wa Mfalme Louis VI wa Ufaransa, yaani yeye na Mfalme Philippe Auguste walikuwa watoto wa ndugu wawili. Kaka yake Alice, Pierre, alichaguliwa kuwa kaisari wa Konstantinopoli mwaka 1216, na baadaye wanawe Robert na Baudouin wakakalia kiti hichohicho. Kabla ya kuolewa na Aymer, Alice alikuwa na mume mwingine, bwana wa Joigny. Ndoa ile ilivunjwa, akabakia mtoto wa kiume. Kwa hiyo Isabelle, hata kabla hajajua kusema, alikuwa na kaka wa kambo huko Joigny, mfalme wa Ufaransa kwenye ukoo wa mama, na mjomba ambaye baadaye angepanda cheo mpaka Konstantinopoli.

Kulikuwa na doa moja. Kaka mkubwa wa Aymer, Vulgrin, alifariki mwaka 1181 akaacha binti, Mathilde. Kama ardhi hufuata damu ya mkubwa, Angoulême ilikuwa ya Mathilde. Richard alimtetea binti huyo, ami zake wakaingia vitani, na hatimaye Aymer ndiye aliyebaki juu. Dai la Mathilde halikufa, lilikaa tu likingoja mume. Mkumbuke Mathilde, tutakutana naye tena.

Mchumba wa kwanza, mume wa kwanza

Mwaka 1200 Isabelle alikuwa binti wa miaka 12 hivi, pengine chini kidogo. Alikuwa ameposwa na Hugues IX, bwana wa Lusignan, ngome iliyo kusini-magharibi mwa Poitiers. Roger wa Howden, mwandishi ninayemwamini kuliko wale wa St Albans, anasema wachumba hao walishatamkiana maneno ya kukubaliana ndoa, ila Hugues hakutaka kumpeleka kanisani kwa kuwa msichana hajafikia umri. Umri uliokubaliwa na sheria ya Kanisa kwa msichana ulikuwa miaka 12.

Sasa chukua ramani. Hugues alikuwa na Lusignan, na mwaka uleule alikuwa amekwisha kuipata La Marche, iliyo mashariki ya hapo. Ongeza Angoulême. Unapata ukuta wa ardhi unaoikata Aquitaine katikati, mikononi mwa ukoo mmoja uliozoea uasi. Mfalme John, aliyemrithi Richard mwaka mmoja nyuma, asingeweza kuliacha jambo hilo litimie. Ndoa yake ya kwanza na Isabel wa Gloucester ilikuwa imebatilishwa bila mtoto, na wajumbe wake walikuwa wameshatumwa Ureno kumtafutia binti wa mfalme wa huko. Aliwaacha wajumbe njiani, akaongea na Aymer, na tarehe 24 Agosti 1200 akafunga ndoa na Isabelle. Tarehe 8 Oktoba binti huyo alivishwa taji Westminster.

Watawa waliona tamaa ya mwili. Mimi naona barabara. Inawezekana wote tuna haki, John hakuwa mtu wa kujinyima, lakini hata mfalme mwenye akili timamu na moyo baridi angefanya alichofanya. Kosa lake lilikuja baadaye. Desturi ilimtaka amtulize Hugues, ampe ardhi au amtafutie mke mwingine mwenye kitu. John hakumpa chochote, na mwaka 1201 akaamuru La Marche ichukuliwe.

Hugues akaenda kushtaki kwa Philippe Auguste. Hapa ndipo muundo wa ukabaila unapouma. Kama mfalme wa Uingereza, John hakuwa na wa kumjibu. Kama bwana wa Aquitaine na Normandie, alikuwa mtu wake Philippe, aliyemlia kiapo cha utii, na mtu aliyeapa huitikia wito wa baraza la bwana wake. John hakutokea. Aprili 1202 baraza likatangaza kwamba amepoteza ardhi zake za Ufaransa. Agosti mwaka ule alimnasa Hugues huko Mirebeau, pamoja na Arthur wa Bretagne, mpwa wake aliyemwania ufalme, wakiwa wamemzingira Aliénor, mama yake John, aliyekuwa bibi kizee. Ushindi ule haukumsaidia. Arthur alitoweka mikononi mwake, wenye nguvu wakamkimbia, na Juni 1204 Rouen, mji mkuu wa Normandie, ukasalimu amri.

Msichana mmoja hakuiangusha Normandie, ingawa vitabu vingi vya shule vinapenda kusimulia hivyo. Philippe alikuwa akitafuta kisingizio, na Hugues alimletea mkononi.

Hugues naye hakukaa mjane wa uchumba. Alimwoa Mathilde, yule binti wa Vulgrin. Amekosa mrithi mmoja wa Angoulême, akamchukua mwingine.

Miaka ya umalkia naipita haraka kwa sababu nyaraka zenyewe zinaipita haraka. Aymer alifariki mwaka 1202, na ardhi ya Angoulême ikaendeshwa na maofisa wa John. Hati alizotoa Isabelle kwa jina lake mwenyewe wakati mumewe yu hai karibu hazipo. Kwa kipindi fulani aliwekwa Winchester katika nyumba moja na Isabel wa Gloucester, mke aliyeachwa, jambo ambalo hata kwa viwango vya wakati ule nalihesabu kuwa ufidhuli. Alizaa watoto watano: Henry mwaka 1207, Richard mwaka 1209, Joan mwaka 1210, kisha Isabella na Eleanor. Alikuwa malkia mwenye taji, na urithi wake ulikuwa mfukoni mwa mwingine.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1214 John alitaka kurudi vitani Ufaransa, na hakuweza bila akina Lusignan. Wakapatana. Joan, ambaye hajatimiza miaka minne, aliposwa na Hugues X, mtoto wa Hugues IX kwa mke aliyemtangulia Mathilde. Mtoto akaenda kulelewa kwa wakwe watarajiwa. Aliyeshindwa kumpata mama sasa atapata mkwe: hivyo ndivyo fidia ya mwaka 1200 ilivyolipwa, kwa kuchelewa na kwa kizazi kingine.

John alifariki Oktoba 1216, nchi ikiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe na mwana wa mfalme wa Ufaransa akiwa ndani yake na jeshi. Henry alivishwa taji akiwa na miaka tisa. Baraza lililoshika nchi likiongozwa na William Marshal halikumpa mama wa mfalme nafasi yoyote. Mwaka 1217 Isabelle akaondoka, akarudi Angoulême, akaacha watoto wanne Uingereza, mdogo wao akiwa na miaka miwili hivi.

Kwa hili amelaumiwa kuliko kwa jambo jingine lolote, na waandishi wa kisasa ndio wakali zaidi. Naomba tujiulize angefanya nini. Watoto wa mfalme walikuwa mali ya ufalme, na hakuwa akiwalea yeye. Fungu lake la mjane lilikuwa limeshikwa. Desturi ya huko, nitaje kwa msomaji aliyezoea mahari yetu, ilikwenda hivi: baba humpa binti ardhi au fedha aende nayo kwa mume, na mume humtengea mke sehemu ya mali yake aishi nayo akifiwa. Sehemu hiyo ndiyo kinga pekee ya mjane. Isabelle alinyimwa iliyo kubwa, akabaki na kitu kimoja ambacho hakikutoka kwa mume: Angoulême. Alikwenda kuikamata, na ikambidi kupambana na ofisa wa zamani wa John aliyekuwa amejizoesha kuitawala.

Hugues IX alifariki mwaka 1219 huko Damietta, Misri, kwenye vita vya msalaba. Hugues X akawa bwana wa Lusignan na La Marche. Mwaka uliofuata Isabelle akaolewa naye. Yeye alikuwa na miaka 30 na kitu.

Kisheria ndoa hiyo ilikuwa na walakini, kwa kuwa uchumba humfunga mtu asiwaoe ndugu wa karibu wa mchumba wake. Lakini uchumba wa mtoto chini ya miaka saba haukuwa na nguvu mbele ya Kanisa, na Joan alichumbiwa akiwa na mitatu. Mwanasheria mzuri angepenya hapo. Kisiasa, hesabu ilikuwa safi kwa pande zote mbili. Hugues alipata mara moja ukuta ule wa ardhi ambao baba yake aliukosa mwaka 1200, bila kungoja mtoto akue. Isabelle alipata jirani mwenye jeshi badala ya jirani adui. Na mbele ya Mathilde, mama wa kambo wa Hugues na mpinzani wa Isabelle, madai yote mawili ya Angoulême yaliingia nyumba moja. Mwaka 1233 Mathilde aliachilia rasmi haki zake kwa wanandoa hao.

Aliyelipa gharama ni Joan. Alikuwa bado Ufaransa, mama na aliyekuwa mchumba wake wakamshikilia kama rehani, wakidai fungu la mjane la Isabelle. Baraza la Henry nalo likadai msichana arudishwe kwanza. Papa Honorius III aliingilia. Mwisho wa mwaka 1220 Joan alikabidhiwa huko La Rochelle, na Juni 1221, kabla hajafikisha miaka 11, aliolewa York na Mfalme Alexander II wa Uskoti. Alifariki mwaka 1238 bila kuzaa. Hapo simtetei Isabelle.

Malkia aliyeachwa asimame

Ndoa ya pili ilimpa watoto tisa: Hugues, Guy, Geoffroy, Guillaume, Aymer, Agnès, Alice, Marguerite na Isabelle. Ilimpa pia sauti. Hati zinaanza kutoka kwa jina lake pamoja na la mumewe, na katika hizo anajitaja malkia wa Uingereza kwanza, kisha bibi wa La Marche na Angoulême. Cheo cha taji hakifi na mume, na Isabelle hakukiacha hata siku moja.

Siasa za mume na mke zilikuwa za kuuza utii kwa anayetoa zaidi. Mwaka 1224 walikuwa upande wa Louis VIII wa Ufaransa alipoinyakua Poitou na La Rochelle kutoka kwa Henry, mtoto wa kumzaa Isabelle. Mwaka 1227 walipatana na Blanche wa Castille, mjane wa Louis, aliyeshika nchi kwa niaba ya mwanawe mdogo Louis IX. Mwaka 1230 Henry alipovuka na jeshi hawakumsaidia.

Lakini kati ya Isabelle na Blanche kulikuwa na jambo la zamani. Blanche alikuwa mtoto wa dada yake John. Mwaka 1200, mwaka uleule wa harusi ya Isabelle, Aliénor alisafiri mwenyewe mpaka Castille kumchukua mjukuu wake huyo aje kuolewa Ufaransa. Na yule mwana wa mfalme aliyeingia Uingereza na jeshi mwaka 1216 alikuwa mume wa Blanche, akidai ufalme kwa haki ya mkewe. Yaani mpwa wa mume alitaka kumnyang'anya mwanawe Isabelle kiti.

Mambo yaliiva mwaka 1241. Louis IX alimpa mdogo wake Alphonse ubwana wa Poitou, akaja naye Poitiers kupokea viapo. Cheo hicho alikuwa nacho, angalau kwa jina, Richard, mtoto wa pili wa Isabelle kwa John, tangu mwaka 1225. Hugues alikwenda kuapa mbele ya mtu aliyevaa cheo cha mtoto wa kambo wake.

Yaliyofuata tunayajua kwa barua ya mtu wa La Rochelle aliyekuwa akimpelelezea Blanche, na kwangu ni mojawapo ya nyaraka tamu kuliko zote za karne ile. Isabelle aliwekwa Poitiers siku tatu akisubiri kuonana na mfalme. Alipoitwa, alimkuta Louis ameketi upande mmoja wa kitanda, na upande wa pili malkia Marguerite na bibi wa Chartres na dada yake aliyekuwa abesi, yaani mkuu wa watawa wa kike. Hakuna aliyemwambia aketi. Hakuna aliyeinuka alipoingia wala alipotoka. Marguerite huyo, kumbuka, ni dada wa Eleanor wa Provence, mke wa Henry III. Mama mkwe wa dada yake, malkia aliyevishwa taji kabla wote waliomo chumbani hawajazaliwa au wakiwa watoto, aliachwa wima. Isabelle alisema ametendewa kama kijakazi mpumbavu.

Akaenda ngome ya Lusignan, akabeba kila kitu: mashuka, makasha, masufuria, vitambaa vya altare, hata sanamu ya Bikira Maria, akavipeleka Angoulême. Hugues alipomfuata kuuliza, alifungiwa mlango, akalala siku tatu kwenye nyumba ya Watemplari, wale watawa wapiganaji. Alipopata kuingia, mkewe alimwambia aondoke machoni pake, yeye anayewaheshimu watu wanaomnyang'anya urithi. Hugues akalainika. Mabwana wa Poitou wakakutana kwa siri, na Krismasi ya mwaka 1241 Hugues akasimama Poitiers mbele ya Alphonse, akakana kiapo chake hadharani na kuondoka.

Henry alishuka Royan Mei 1242 kumsaidia mama yake na baba yake wa kambo. Tarehe 21 Julai majeshi yalikabiliana kwenye daraja la Taillebourg, na kesho yake wakapigana Saintes. Wafaransa walikuwa wengi zaidi. Matthew Paris anasimulia kwamba Henry alimlalamikia Hugues kwa ahadi alizopewa, naye Hugues akaruka: mlaumu mama yako, yeye ndiye aliyepanga yote bila mimi kujua. Ni utetezi dhaifu wa mtu mzima, ila nashuku una ukweli ndani yake. Siku chache baadaye Hugues, Isabelle na watoto wao walipiga magoti mbele ya Louis kuomba msamaha, wakapoteza ngome kadhaa.

Ikaja pia shutuma kwamba Isabelle alijaribu kumwekea Louis sumu. Waandishi wanaoisimulia walikuwa tayari wamekwisha kumhukumu, kwa hiyo naisoma kwa tahadhari. Ninachokiona katika hati za mwaka 1243 ni wazazi wakigawa mirathi: Hugues, mwana wao mkubwa, apate Lusignan, La Marche na Angoulême, Guy apate Cognac, Geoffroy Jarnac, Guillaume Montignac. Baada ya hapo Isabelle akaingia abasia ya Fontevraud, akafariki humo tarehe 4 Juni 1246. Mume wake alifuata mwaka 1249 huko Damietta, kwenye vita vya msalaba vya Louis yuleyule, katika mji uleule aliofia baba yake. Mwaka 1254 Henry alipita Fontevraud, akaagiza mama yake ahamishiwe ndani ya kanisa. Sanamu yake ni ya mbao, wakati za Henry II, Aliénor na Richard zilizo jirani ni za mawe.

Ndugu wa tumbo moja

Mwaka 1247 Henry aliwaita Uingereza ndugu zake wa upande wa mama. Alice aliozwa John de Warenne, bwana wa Surrey. Aymer alichaguliwa kuwa askofu wa Winchester mwaka 1250. Guillaume, anayejulikana kama William de Valence, alipewa Joan de Munchensi, mjukuu wa William Marshal, na kwa mke huyo akapata Pembroke. Kama kuna kaburi linaloweza kucheka, ni la Isabelle siku ile: mwanawe amerithi nyumba ya mtu aliyemnyima yeye nafasi.

Tatizo ni kwamba nyumba hiyo ilikuwa na deni. Eleanor, mtoto wa mwisho wa Isabelle kwa John, aliolewa mwaka 1224 na William Marshal mdogo, akafiwa, kisha mwaka 1238 akaolewa na Simon de Montfort. Alidai fungu lake la mjane kutoka kwa warithi wa Marshal maisha yake yote, na sasa mmoja wa wadaiwa alikuwa Guillaume, ndugu yake wa tumbo moja. Mwaka 1258 mabwana wa Uingereza walipowafukuza akina Lusignan nchini, Simon alikuwa mstari wa mbele kuwatoa mashemeji zake. Na Henry alipotaka kupatana na Louis mkataba wa Paris wa mwaka 1259, Eleanor alikataa kuachilia haki zake za Ufaransa mpaka alipwe. Wafalme wawili walimsubiri. Louis ilibidi ashikilie marki 15,000 za fedha alizokuwa akimlipa Henry, hadi dai la dada litatuliwe.

Simon aliuawa Evesham mwaka 1265, Eleanor akamalizia maisha Ufaransa. Guillaume alirudi, akaishi mpaka 1296, akazikwa Westminster. Ukoo wa Lusignan wa Angoulême uliishia kwa vitukuu vya Isabelle: Hugues XIII alifariki mwaka 1303 bila mtoto, mdogo wake Guy akafuata mwaka 1308, na kaunti ikachukuliwa na Mfalme Philippe IV, kitukuu cha Blanche wa Castille.